Mashine ya Viungo vya Kuokota

Kuna kazi ambazo mtu akizitaja mbele ya watu huchekwa kwanza, kisha ndipo huulizwa sababu. Yangu ni moja katika hizo. Mchana natumikia ubao na chaki kama mwalimu yeyote mwingine; usiku, na siku za Jumamosi, natengeneza mashine za sinema za zamani, zile zilizokuwa zikipitisha ukanda wa filamu mbele ya taa na kuonyesha picha ukutani. Sizitengenezi kwa vyuma vipya, maana havipo. Viwanda vilivyozifanya viliiacha kazi hiyo miaka mingi iliyopita, na anayetaka kuifufua mashine moja hana budi kutafuta viungo katika maiti za nyingine. Jambo hilo, msomaji, ndilo nitakalo kukueleza: jinsi kitu cha hapa kinavyoweza kupatana na kitu cha pale, na mahali ambapo hakipatani hata kikilazimishwa kwa nyundo.

Filamu ya upana wa milimita 16 ilitolewa na kampuni ya Kodak mwaka 1923. Ile ya majumba makubwa ya sinema ilikuwa ya milimita 35, na siku zile ilifanywa kwa dutu iliyoshika moto upesi mno. Hii nyembamba ilifanywa tangu mwanzo kwa dutu ya salama zaidi, kwa hiyo ikaweza kuingia nyumbani, kanisani na darasani. Afrika Mashariki iliijua sana. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda idara ya filamu za makoloni, na baadaye magari ya sinema yakawa yakizunguka vijijini, yakitandaza kitambaa cheupe jioni na kukusanya umati wa watu wakubwa kwa wadogo. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 magari ya namna hiyo hayakukoma. Kisha zikaja kanda za video, na mashine hizi zikaingizwa maghalani, zikawekwa chini ya madawati yaliyovunjika.

Watu wengi hudhani filamu hupita mbele ya taa kama maji yapitavyo mtoni. Sivyo. Ingepita hivyo, ungeona ukutani ukungu mtupu. Kila picha husimama kwanza, ikaangazwa, ndipo ikaondoka. Ukucha mdogo wa chuma huingia katika matundu yaliyo pembeni mwa filamu, huivuta chini kwa kadiri ya picha moja, hutoka, hupanda, huingia tena. Nao katika filamu ya sauti hufanya hivyo mara 24 kila sekunde. Wakati ukucha unapovuta, bapa la bati linalozunguka kama feni huuziba mwanga ili jicho lisiuone mvuto ule. Lakini giza linalokuja mara 24 tu kwa sekunde huchosha macho kwa kumetameta, na kwa sababu hiyo bapa hupewa bawa la pili, likate mwanga hata pale picha iliposimama. Mimweko ikawa 48. Mashine za filamu bubu zilikwenda polepole zaidi, aghalabu picha 16 kwa sekunde, nazo zilihitaji mabawa matatu ili zifike hesabu ile ile. Zishike hesabu hizi, maana nitazirudia.

Nilikuwa na mashine tatu za kiwanda kimoja cha Marekani, zilizopishana kwa umri. Ya kwanza niliinunua kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa uzito wake, kama mtu anunuavyo viazi. Mwili wake ulikuwa mzima, na njia ambamo filamu hupita iling'aa kama kioo. Lakini gia yake ya plastiki ilikuwa imepasuka vipande, bapa lake limepinda, na meno ya ukucha wake yamechongoka kwa kuchakaa. Ya pili ilikuwa ya filamu bubu, kongwe kuliko zote, nayo upepo wa bahari ulikuwa umeila hata haikuzunguka. Ya tatu ilikuwa na kila kitu: gia, lenzi, kipaza sauti chake. Kasoro yake ni moja, nayo ni mbaya: njia ya filamu imeliwa na kutu, ina vidoa vya mashimo vinavyoweza kuchana filamu kama msasa, na njia hiyo imeumbwa pamoja na mwili wa mashine, haiwezi kuhamishwa.

Mtu anayeanza kazi hii hushangazwa kwanza na skurubu. Mashine za Marekani za miaka ile zilikazwa kwa skurubu za kipimo cha inchi, na zinazouzwa katika maduka yetu leo ni za milimita. Ukiziweka pamoja kiganjani huzitambui. Ukiitia ya milimita katika tundu la inchi, huingia mzunguko mmoja kwa hiari, wa pili kwa kulalamika, na wa tatu huwa umekwisha kuiharibu njia. Nina makopo mawili ya maziwa ya unga, moja la kila kipimo, na mwanafunzi anayenisaidia hupewa kwanza kazi ya kuzichambua hadi vidole vyake vijue tofauti ambayo macho hayaijui.

Alikuwako pia mzee mmoja, jirani yangu, aliyepata kuendesha gari la sinema la serikali ujanani mwake. Alikuwa akija baada ya sala ya alasiri, akiketi juu ya mkungu uliopinduliwa, akitazama. Siku moja aliniona nikihangaika kutafuta bati la kuzibia upande wa nyuma lenye rangi moja na lile la asili.

"Mwalimu," akasema, "hilo la nje hata ukitia bati la kopo la samli, potelea mbali. Lakini kinachogusa filamu usikibahatishe."

Neno hilo lilinigawia kazi yangu yote mafungu mawili. Mkanda wa kuzungushia ni wa cherehani. Taa ya asili, ya wati 750, ilikuwa kali kiasi cha kuiyeyusha filamu ikikwama kitambo kidogo. Mahali pake nimetia taa ya LED iliyofanywa kwa pikipiki, ya volti 12, isiyo na joto la kutisha. Vitu hivi havigusi filamu. Lakini ukucha, magurudumu ya meno na kibao cha kuibania filamu nilivipima na kuvisugua kana kwamba nashughulikia jicho la mtu.

Sababu ya uangalifu huo ilikuwa ndani ya mkebe mmoja. Aliniletea mwalimu mstaafu, mama wa miaka zaidi ya 80. Alisomea ualimu mwaka 1962, yeye na dada yake, na mkufunzi wao mmoja aliwapiga filamu bubu siku ya kufunga chuo. Dada alifariki miaka mingi iliyopita, na picha zake zote ziliteketea nyumba ya wazazi wao ilipoungua. Filamu hiyo ilisalimika kwa kuwa ilikuwa kwa mtu mwingine. Ilikuwa na urefu wa futi 100 tu, yaani picha 4,000 hivi, wala hapakuwa na nakala nyingine duniani. Nilipofunua mkebe, harufu ya siki ilinipanda puani. Ndiyo harufu ya filamu ya asetati inayooza, nayo ikianza haizuiliki. Yaweza kucheleweshwa kwa baridi na ukavu, na pwani hatuna hata kimojawapo. Filamu inayooza hivyo husinyaa pia. Matundu 100 ya filamu mpya hupimwa milimita 762. Nilipoipima hii niliona 757. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini kwa ukucha wenye meno matatu yanayotaka kuingia katika matundu matatu kwa mara moja, yatosha kupasua. Ukucha wa mashine ile kongwe ulikuwa na meno mawili. Niliuchukua huo.

"Mwanangu," mama akaniambia, "usiitengeneze mashine yako hata nikafa kabla haijesha." Alisema akicheka, lakini mkebe aliushika kwa mikono miwili.

Hapo palizuka hitilafu baina yangu na yule mzee. Gia nzima ilikuwa katika mashine ya tatu. Yeye alitaka ing'olewe siku ile ile, kwa kuwa mama hana miaka ya kungojea mkereza vyuma. Mimi nilikataa. Plastiki kongwe ni kavu, na gia iliyoshindiliwa katika mhimili wake yaweza kupasuka katika kung'olewa. Basi ningekuwa na mashine tatu zisizozunguka mahali pa mbili. Tena nilikuwa na sababu nyingine, ambayo hakuipenda: mashine ile haikuwa maiti. Ilikuwa mgonjwa. Njia yake yaweza kusuguliwa na kupigwa kromu, nayo ikasema tena, ilhali ile ya kwanza na ya pili hazikuwa na tumaini ila kwa kuunganishwa. Kumchuna aliye hai ili kumvika mwingine ni jambo ambalo fundi huzoea upesi, na akilizoea, karakana yake hugeuka machinjio. Mzee alinyamaza, akavaa kofia yake, akaenda zake. Siku nne hakuja.

Gia ilikerezwa kwa shaba na kijana wa jua kali aliyepewa vipande vya ile iliyopasuka avigandishe na kuhesabu meno. Ilimchukua majuma matatu. Inapiga kelele kuliko ya plastiki, lakini inazunguka.

Sasa nazirudia hesabu zile. Mota ya mashine ya kwanza ilifanywa kwa umeme wa Marekani, wenye volti 110 na mapigo 60 kila sekunde. Wetu ni wa volti 240 na mapigo 50. Transfoma huzipunguza volti, lakini mapigo haiyagusi, na mota ya namna ile huyafuata mapigo kama mchezaji afuatavyo ngoma. Kwa hiyo mashine iliyopasa kwenda picha 24 ilikwenda 20. Ingekuwa filamu ya sauti, hiyo ingekuwa balaa: sauti ya msichana ingetoka nzito kama ya mvuvi mwenye mafua. Lakini filamu ya mama ilikuwa bubu, iliyopigwa kwa mwendo wa pole, na 24 ingewafanya watu wake wakimbie kama kuku. Ishirini ilikuwa karibu zaidi na mwendo wao. Na bapa nililolitoa katika mashine kongwe, kwa kuwa la kwanza limepinda, lilikuwa la mabawa matatu. Mara tatu ishirini ni 60. Simu nyingi hupiga video kwa picha 30 kila sekunde. Basi kila picha ya simu hupata mimweko miwili kamili, na ukuta hauonekani kumetameta. Mota isiyo ya nchi hii na bapa lisilo la mashine hii, kila moja likiwa kasoro peke yake, yalikutana juu ya filamu moja yakawa ndiyo yaliyotakiwa. Sikuyapanga hayo, niliyaona niliposhika kalamu nikapiga hesabu usiku.

Bapa nililifunga kwa bushi ndogo ya shaba, kisha nikalizungusha kidogo kidogo hadi lizibe mwanga wakati ule ule ukucha unapovuta. Likichelewa kidogo tu, vitu vyeupe huota mikia ya mwanga kama mvua. Nilikata filamu ya tangazo isiyo na thamani, nikaunga ncha zake ikawa duara, nikaiacha ipite saa nzima, kisha nikaitazama kwa kioo cha kukuza. Haikuwa na mchubuko.

Mama alikuja na wajukuu wawili. Mzee naye alikuja, akaketi juu ya mkungu wake. Tulionyesha filamu mara moja, kwa sekunde 200, simu ikiwa juu ya kigogo ikinakili. Wasichana waliovaa sare nyeupe walitoka mlangoni wawili wawili, wakatembea kama watu waliochelewa kidogo. Mama alinyosha kidole, akasema, "Yule anayeshika mkono wangu." Hakusema lingine hadi taa ikazimwa. Kisha akaomba aitazame tena, na mimi nikamwonyesha katika simu, kwa maana filamu ilikuwa imekwisha kurudi mkebeni.

Mashine ya tatu ingali kabatini, imefunikwa gunia. Mzee ameulizia mjini bei ya kupiga kromu, na bei yenyewe ni ya kukopa.