Matembezi ya Kutoka Mururu

Tuliondoka Mururu alfajiri, umande ungali juu ya majani ya migomba. Tulikuwa sita, wanachuo wa ualimu wa mwaka wa mwisho, na kila mmoja alikuwa na daftari, kwa maana tulikuwa tumeagizwa kukusanya majina ya vyakula vya kando ya ziwa na kuyapanga katika ngeli zake. Kazi hiyo tuliiona nyepesi. Njaa yetu ilikuwa kubwa kuliko hamu yetu ya ngeli.

Njia ilikwenda juu ya bonde la mto Rusizi. Kushoto kwetu, chini kabisa, maji yalikuwa yakitoka Ziwa Kivu kuelekea Tanganyika, na ng'ambo yake ni Kongo, karibu hata tukasikia majogoo wa huko wakiwika. Bwawa la kwanza la umeme la mto huo lilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni katika miaka hiyo hiyo sambaza, samaki wadogo kama kidole, walipoletwa kutoka Tanganyika wakatiwa Kivu, ziwa lenye gesi nyingi vilindini na samaki wa aina chache. Maji huteremka kusini. Samaki walipandishwa kaskazini. Siku hizi mgeni akiondoka Cyangugu bila kuonja sambaza, wenyeji humhurumia.

Tulifika ziwani jua likiwa limekwisha kuchomoza. Wavuvi walikuwa wamerudi, na mitumbwi yao, mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, ilikuwa imeegeshwa mchangani. Akina mama walikwisha kujipanga na mabeseni yao. Mmoja, bibi wa makamo ya nyanya zetu, aliyezoea biashara ya pande zote mbili za mto, alituita kwa sauti ya furaha: "Mukuye, batoto, sambaza iko!"

Mwenzetu mmoja, tena hodari wetu wa sarufi, akatabasamu na kumwambia, "Mama, husemwi hivyo. Husemwa: Mje, watoto, sambaza wapo." Alisema kwa upole, na sisi wengine tukacheka. Tukiri wazi kwamba tulicheka.

Bibi hakukasirika. Aliuliza tu, "Munanunua sambaza, ao munanunua maneno?" Ubavuni mwake alikuwa amesimama mjukuu wake, msichana mwenye sare ya shule, akishika kopo la kupimia. Yeye ndiye aliyetuumiza. Alimtazama nyanya yake kwa haya, kama mtu aliyegundua tobo katika nguo ambayo ameivaa siku zote, kisha akainamisha kichwa. Tulinunua makopo mawili, tukalipa bila kuomba nyongeza, tukaenda zetu.

Katika kibanda cha jirani tulikaangiwa sambaza wetu kwa mafuta ya mawese, wakawa wakavu, wa kuliwa na vichwa vyao. Tuliletewa ugali wa muhogo, mweupe na wenye kuvutika, na kisamvu kilichotwangwa na kupikwa kwa karanga, ambacho huko huitwa sombe. Pilipili ilikuwa kali hata mmoja wetu akatokwa na machozi, akadai kwamba ni moshi. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno. Kisha yule hodari wetu, mdomo ukiwa umejaa, akamwita mpishi: "Dada, hizi sambaza ni tamu, tuongezee nyingine!"

Alijisikia mwenyewe. Akaweka chini tonge lake.

Hapo ndipo madaftari yalipofunguliwa kwa dhati. Tuliijua kanuni: nomino ya kiumbe huchukua upatanisho wa a-/wa-, liwe umbo lake lolote. Lakini aliyekwisha kukaangwa, akatiwa chumvi na kulazwa sahanini, je, angali kiumbe? Kanuni husema ndiyo. Ndimi zetu zilikuwa zimesema hapana. Mmoja akakumbusha kwamba Kiswahili sanifu ni Kiunguja kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, mbali sana na ziwa hili. Mwingine akasema kwamba "batoto" ya bibi ina kiambishi kile kile tulicho nacho katika Kinyarwanda tunaposema "abana", na ndicho kilichomo katika jina lenyewe la Wabantu. Hatukukubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa moja: turudi tukamwombe radhi.

Hatukurudi mara moja. Haya ilitutembeza kwanza, kutoka ghuba moja hadi nyingine, tukila ndizi za kuchoma na kujifanya tunatazama visiwa. Tuliporudi, jua lilikuwa likishuka nyuma ya milima ya Kongo, na wavuvi walikuwa wakiwasha taa zao na kuanza nyimbo za kasia. Msichana alikuwa peke yake, akisuuza beseni.

"Nyanya yako yuko wapi?" tukamwuliza.

"Amevuka mto."

Tukasimama, tusijue la kusema. Yule hodari wetu, kwa kutafuta neno lolote, akauliza kama sambaza bado ipo. Alisema hivyo hivyo, "ipo".

Msichana alisita. Tuliona midomo yake ikijaribu kimya kimya.

"Sambaza wamekwisha," akasema hatimaye. Kisha akatutazama usoni, mmoja baada ya mwingine, akingoja kujua kama amekosea.