Kinachotuzwa Ndicho Kinachozaliwa

Kwala ya leo, huku kwetu Kibaha, inatajwa kwa bandari kavu iliyozinduliwa Julai 2025 na kwa mabehewa ya mizigo ya reli ya SGR. Lakini pembeni mwa makontena hayo bado kuna malisho na mashamba, na nyuma ya kundi la ng'ombe si ajabu kukuta mbwa. Mbwa hao ndio walionizoesha kutazama mwendo. Mbwa anayeifaa kazi hiyo haendi kwa pupa. Anakwenda mchakamchaka wa kadiri, mgongo umetulia, miguu haipigi kelele, na jioni mifugo inaporejea zizini yeye bado ana hatua ile ile ya asubuhi.

Kwenye maonyesho ya mbwa, kama yale ya East Africa Kennel Club jijini Nairobi, jaji naye huutafuta mwendo. Mbwa akisimama, mmiliki wake anaweza kumpanga miguu, kumwinua shingo na kumchana manyoya hadi kasoro zote zikajificha. Ndiyo maana jaji huamuru akimbizwe: aende, arudi, kisha apite ubavuni. Katika mchakamchaka, mguu wa mbele wa kulia hutoka pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha hubadilishana, na hapo mifupa husema kweli. Kombe la bega lililosimama wima hufupisha hatua ya mbele. Miguu ya nyuma iliyokunjika kupita kiasi husukuma kwa nguvu ambayo mbele haiwezi kuipokea, na mbwa huishia kwenda upande ili miguu yake isigongane. Mwendo sahihi ni mapatano kati ya mbele na nyuma. Nguvu ya upande mmoja, hata iwe kubwa kiasi gani, ni hasara kwa mwili mzima.

Uamuzi wa jaji hauishii uwanjani. Dume likishinda, wafugaji hulitafuta lipandishe majike yao, na katika miaka michache umbo lake linakuwa umbo la mamia ya watoto. Jaji anadhani anachagua mshindi, kumbe anachagua baba.

German Shepherd ni ushahidi mchungu wa jambo hili. Mwaka 1899 Max von Stephanitz alianzisha nchini Ujerumani chama cha kumwendeleza mbwa huyo akiwa na shabaha moja: kazi. Mbwa wa wachungaji wa huko alitembea kutwa kwenye mpaka wa shamba, akiwa ukuta unaozuia kondoo wasiingie kwenye mazao. Sisi wa Kibaha, tunaojua ugomvi wa wakulima na wafugaji unavyoanza, tunaelewa thamani ya mnyama wa namna hiyo. Baadaye hatua ndefu inayopendeza macho ilianza kutuzwa kwa ajili yake yenyewe, na baadhi ya koo zikazalishwa zikiwa na mgongo ulioinama na miguu ya nyuma isiyo imara. Mwaka 2016, kwenye maonyesho ya Crufts mjini Birmingham, jike lililoshinda katika aina hiyo lilizusha malalamiko makubwa kwa jinsi lilivyotembea. Sifa zilikuwa zimefanya kazi yake. Wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Sasa mtazame Basenji, mbwa wa misitu ya Kongo. Hakuwa na jaji wala kikombe. Wawindaji walimpima kwa kazi, na aliyeshindwa hakupata nafasi ya kuacha kizazi kikubwa. Katika miaka ya 1930 wachache walipelekwa Uingereza na Marekani, na kutokana na hao wachache ukajengwa ukoo mzima wa maonyesho. Udogo wa ukoo huo ulikuja na gharama, ukiwemo ugonjwa wa figo uitwao Fanconi. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani wakarudi Kongo, wakati huo Zaire, kutafuta damu mpya, na mwaka 1990 American Kennel Club ikafungua daftari lake la koo ili kuwapokea mbwa waliotoka huko. Waliotuzwa kwa miongo mingi walihitaji damu ya wasiowahi kupewa tuzo.

Naiona kanuni hii kila mahali tunapowapima watu. Tukimpigia makofi mtoto kwa alama bila kuuliza alizipataje, tunazalisha wanafunzi wa alama. Tukimpandisha cheo anayependeza mbele ya wageni na kumsahau anayebeba ofisi siku zote, vijana wanatazama na kujifunza kupendeza. Tukichagua kiongozi kwa jinsi anavyosimama jukwaani, tusishangae waliobaki nao wakijifunza kusimama tu. Makofi ni mbegu, na mbegu haina huruma: huota ile ile iliyopandwa.

Hata jicho zuri lina mpaka. Mbwa mchanga mwenye nyonga mbovu anaweza kwenda vizuri, ndiyo maana wafugaji makini humpiga picha za eksirei kabla ya kumpandisha. Nasi tusiridhike na mwendo wa siku moja. Tuulize historia ya mtu, tuwaulize waliofanya kazi naye, tuangalie alichoacha nyuma.

Ndugu msomaji, kabla hujampa mtu tuzo, cheo au kura, mwone akienda, mwone akirudi, mtazame na ubavuni. Kisha jiulize kama ungependa watoto wako wawe kama yeye, kwa sababu watakuwa.