Nilipokwenda Kuona Kwao Liemba

Mara ya kwanza kupanda meli ya Liemba ilikuwa mwaka 1983, kutoka Kigoma kwenda Kasanga, katika Ziwa Tanganyika. Nilikuwa mwalimu mpya, na mtu wa milimani asiyejua kuogelea. Usiku baharia mmoja mzee aligonga ukuta wa chuma kwa kiganja akaniambia, "Lala mwalimu, hii imetoka Ujerumani kwenye makasha." Nilidhani ananitania.

Hakunitania. Liemba iliundwa mwaka 1913 katika yadi ya Meyer, mji wa Papenburg, kando ya mto Ems. Ilipokamilika ikafunguliwa kipande kimoja kimoja, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli. Nilipostaafu baada ya miaka 34 ya ualimu Kibondo na Kasulu, wenzangu walinunua bodaboda za kukodisha. Mimi nikasema nitakwenda kuona kwao Liemba, siku nne tu, nirudi kwenye maharage yangu.

Maandalizi yalichukua muda mrefu kuliko safari. Pasipoti, barua ya mwaliko kutoka kwa mpwa wangu anayesoma Münster, taarifa ya benki, ada ya viza euro 90, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Hiyo bima ndiyo iliyomshinda mke wangu. "Ukiugua huko una thamani ya milioni themanini na zaidi," alisema, "na hapa unakunywa maji ya mwarobaini?" Kisha basi la zaidi ya kilomita elfu moja hadi Dar es Salaam, kwenda kuhojiwa ubalozini, jengo la Umoja House. Afisa aliuliza naenda kutalii mji gani. Nikasema Papenburg. Akainua macho kwenye karatasi, akanitazama vizuri. Nadhani alitegemea Berlin.

Alhamisi, mwezi Juni, nikashuka Amsterdam na kupanda treni hadi Münster. Kitu cha kwanza kilichonisumbua hakikuwa baridi, bali kukosa mlima. Kasulu ukienda kwa jirani kuomba chumvi, ama unapanda ama unashuka. Huko nchi imelala kama mkeka. Macho yangu yalitafuta mahali pa kuegemea, yakakosa, hadi kichwa kikaniuma. Jambo la pili lilikuwa jua. Tulikula, tukasali, tukazungumza habari zote za nyumbani, jua bado limesimama. Lilizama karibu saa nne usiku. Nilimwuliza mpwa wangu kuku wa huku wanaingia bandani saa ngapi. Akacheka tu.

Ijumaa niliaibika. Mpwa wangu alikuwa na vipindi, akaniachia tiketi ya Papenburg iliyoandikwa 8.05. Miaka 34 nimewafundisha watoto kwamba saa za Kizungu huanza kuhesabiwa usiku wa manane, na bado macho yaliona nane, kichwa kikasema saa nane mchana. Nikanywa chai, nikafua soksi, nikafika stesheni saa saba na nusu nikijisifu kwa kuwahi. Treni yangu ilikuwa imeondoka saa mbili na dakika tano asubuhi. Nikanunua tiketi nyingine kwa fedha iliyotengwa kwa ajili ya zawadi, kwa hiyo shemeji zangu wa Kibondo wajue sababu.

Papenburg ni mji mdogo, na barabara zake kuu zina mifereji ya maji katikati. Nyumba za matofali mekundu zimejipanga huku na huku, na kila baada ya hatua kadhaa kuna kidaraja. Meli za matanga za mtindo wa zamani zimefungwa mferejini kama ng'ombe kwenye kigingi, mojawapo mbele ya ofisi ya mji. Niliuliza kwa nini mji una mitaro mikubwa hivi, na jibu lake nililielewa haraka kuliko jambo lolote lingine la safari ile. Mahali pale palikuwa kinamasi. Tangu mwaka 1631 watu walichimba mifereji kukausha bwawa, wakakata udongo wake mweusi wa majani yaliyooza, wakauanika kama tunavyoanika matofali ya tope, wakauchoma badala ya kuni. Udongo huo ulisafirishwa kwa mashua mferejini. Penye mashua hapakosi fundi mashua, na fundi mashua akipata mwana na mjukuu, mwisho wake ni meli. Yadi ya Meyer ilianza mwaka 1795. Nikakumbuka kinamasi chetu cha Malagarasi na Muyovozi, ambacho sisi tumekiachia korongo na viboko. Sisemi nani alifanya vizuri zaidi. Viboko wetu wapo.

Jioni nilipanda tuta la nyasi kuutazama mto Ems wenyewe. Ni mto wa kahawia, mzito, unaofanana na Malagarasi wakati wa masika, nikajisikia nyumbani kidogo. Nikaona kijiti kikielea kuelekea kushoto kwangu. Nikaketi, nikala mkate. Nilipotazama tena, kijiti kingine kilikuwa kinaelea kuelekea kulia. Nilisimama. Mtu wa Tanga au Lamu atanicheka, lakini mimi nimelelewa kwenye mito inayojua njia moja. Bahari iko zaidi ya kilomita 30 kutoka hapo, na bado maji yake hujaa na kuusukuma mto urudi ulikotoka, mara mbili kwa siku.

Jumamosi mpwa wangu akaja, tukaingia yadini na kundi la wageni. Jengo moja lina urefu wa nusu kilomita, na ndani yake meli ya kitalii inajengwa ikilindwa na paa, kama gari gereji. Nilihesabu ghorofa zake hadi shingo ikakataa. Meli hizo zikikamilika huteremshwa mto Ems hadi baharini kinyumenyume, tezi ikitangulia, huku maji ya mto yakizuiwa kwa lango kubwa ili kina kitoshe. Liemba yetu ina urefu wa mita 71 tu. Ungeweza kuiweka mle ndani na pembeni yake ukacheza mpira.

Mwishoni nikamwomba mpwa wangu amwulize kiongozi wetu kama anaijua meli ya Kigoma. "Goetzen!" akasema mzee yule papo hapo. Hilo ndilo jina waliloibatiza Wajerumani, la gavana aliyekuwa madarakani vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, na mimi kwa kweli nashukuru halikudumu. Akataja mafundi watatu wa mji ule waliokuja Kigoma kuiunga upya, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, kana kwamba ni majirani walioondoka juzi. Iliingia majini Februari 1915. Julai 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaelemea, Wajerumani wakaizamisha wenyewe, lakini kwanza wakaipaka injini grisi nzito.

Baadaye mama mwenye nyumba ya wageni alitukaribisha chai, naye tukamsimulia habari za Liemba. Chai yao humiminwa juu ya bonge la sukari linalopasuka kwa mlio, kisha tone la malai, na hairuhusiwi kukorogwa. Nilikoroga. Kijiko, kumbe, kazi yake ni kuwekwa kikombeni ukishatosheka. Kwa kutojua hilo nilikunywa vikombe vitano.

Jumapili maduka yote yalifungwa, hata pa kununua ndizi pakakosekana, tukamkuta yule mzee wa yadini akitembea na mbwa wake mferejini. Akauliza meli ilizamishwa mahali gani hasa. Hilo nilikuwa nalo. Nikamchorea kwenye karatasi ya tiketi niliyoikosea: mto Malagarasi unaanzia mpakani na Burundi, unapita kati ya Kasulu na Kibondo, unazunguka kupitia Uvinza, unaingia Ziwa Tanganyika. Kwenye mdomo wake ndipo Liemba ilipolazwa; baadaye Waingereza wakaiibua mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina ililo nalo sasa. Tope lililoifunika, nikamwambia, lilitoka kwetu. Aliomba abaki na ile karatasi, nikampa.