Nyumba ya Mwalimu, Magomeni

Wengi wetu tukifika Dar es Salaam tunafika Kariakoo. Tunanunua mbegu, kanga na sufuria, halafu tunarudi kwenye basi. Soko kubwa la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua moto Julai 2021. Lakini biashara haikufa, kwa sababu mitaa yote inayolizunguka ni maduka matupu. Shikeni sana mifuko yenu.

Karibu na hapo, katika Mtaa wa Lumumba, ndipo TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954. Rais wake alikuwa Julius Nyerere, mwalimu wa shule ya Pugu. Mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu ili afanye kazi ya chama. Baadaye alihamia na familia yake Magomeni. Nyumba yao sasa ni makumbusho.

Nilikwenda huko na mama mmoja mkulima wa kijiji chetu. Tulikuwa tumekuja mjini kununua mbegu za mboga. Mama huyu amemaliza darasa la kisomo mwaka jana. Tulifuata Mtaa wa Msimbazi, tukavuka bonde la Jangwani ambalo hufurika maji mvua zikiwa kubwa, tukapanda Magomeni.

Nyumba yenyewe ni ya chini, kama nyumba nyingine za mtaa ule. Mgeni anaweza kuipita bila kuiona. Ndani kuna vyombo vya nyumbani na picha za zamani. Vyumba si vikubwa. Mama alipima kimoja kwa hatua zake, akasema, "Bwana Shamba, ghala langu la mahindi halipungui hapa." Halafu alisogelea maandishi ya ukutani, akasoma neno moja moja kwa kidole. Kijana wa makumbusho alitaka kumsaidia. Mama akamwambia, "Ngoja, mwanangu. Nitafika."

Watu wanamkumbuka Mwalimu kwa siasa. Mimi naona tunasahau kwamba alikuwa mwandishi. Chama kilikuwa na gazeti dogo, jina lake Sauti ya TANU. Mwaka 1958 Mwalimu aliandika humo kuwalaumu mabwana wilaya wa Kiingereza kwa jinsi walivyotendea wananchi. Serikali ya kikoloni ilimshtaki. Kesi ilisikilizwa hapa Dar es Salaam, na watu walijaa nje ya mahakama. Alipatikana na hatia. Aliambiwa alipe faini ya shilingi 3,000, au aende jela miezi sita.

"Kwa maneno ya kwenye karatasi tu?" Mama aliuliza.

Kwa maneno ya kwenye karatasi. Na shilingi 3,000 za siku zile zilikuwa fedha nyingi. Hata mwaka 1963, baada ya Uhuru, mshahara wa kima cha chini mjini Dar es Salaam ulikuwa shilingi 150 kwa mwezi. Basi faini ile ilikuwa sawa na mshahara wa miezi 20. Faini ililipwa, Mwalimu hakwenda jela, na kazi ya chama ikaendelea.

Alipokuwa Rais hakuweka kalamu chini. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, mwandishi wa Uingereza aliyekufa mwaka 1616. Ni habari za Kaizari, mtawala wa Roma, aliyeuawa na rafiki zake. Mwalimu aliirekebisha, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo alitoa Mabepari wa Venisi, juu ya mkopeshaji aliyetaka kulipwa nyama ya mwili wa mdeni. Kiingereza cha michezo hiyo ni kigumu hata kwa Waingereza wenyewe. Kiswahili kilikibeba.

Tulipotoka Mama alitaka kukiona kitabu hicho cha Kaizari. Tuliuliza kwa wauza vitabu wa barabarani. Wa tatu alikuwa nacho, kimechakaa, jalada limetoka. Mama alipatana naye bei mpaka yule bwana akacheka. Sasa kinasomwa katika darasa letu la kisomo, kurasa mbili kila jioni. Hatujafika mwisho, maana kila siku tunabishana kama waliomuua Kaizari walifanya haki.