Usiku wa Baridi Lizaboni

Sisi akina mama wa Dar es Salaam hudhani tunaijua baridi ya Julai. Baridi yenyewe nimeijua Songea.

Nilikwenda kumtazama wifi yangu aliyejifungua. Yeye na kaka yangu wamepanga vyumba viwili huko Lizaboni. Safari ni zaidi ya kilomita 900, kupitia Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe. Nilishuka kwenye basi na khanga mbili mabegani, nikakuta wenyeji wamevaa makoti na kofia za sufu. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na karibu yake ni milima ya Matogoro, unakoanzia Mto Ruvuma.

Jioni Lizaboni hupendeza. Karibu kila kibaraza kina jiko la mkaa. Hapa yanachemka makande, pale maji ya kuogesha watoto, na majirani wanaota moto huku wakipiga soga. Nilikaribishwa kama mtu wa siku zote.

Tulipomaliza kula, wifi alilichukua jiko lenye makaa mekundu akaliingiza chumbani tulimolala sisi wawili na mtoto. Akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa kitenge kikuukuu.

"Mtoto asipate baridi, wifi," aliniambia.

Mimi mgeni nikanyamaza. Makaa hayakuwa na moshi, nikaona hayana neno.

Usiku wa manane niliamka kichwa kikinigonga. Nilipojaribu kusimama, chumba kilizunguka na kichefuchefu kikanishika. Nilimwita wifi, akaitika kwa shida kama mtu aliyelewa. Mtoto alikuwa amelegea mikononi mwangu. Nilitambaa naye hadi mlangoni, nikaufungua na kupiga kelele. Kaka alitoka sebuleni mbio, akamtoa mkewe nje.

Hospitalini mtoto aliwekewa oksijeni. Alfajiri alilia kwa nguvu, nasi tukamshukuru Mungu kwa kilio kile.

Muuguzi alitueleza bila kutugombeza. Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na aliyelala huweza kufa asiamke. Kumbe kukosekana kwa moshi si usalama! Hata king'ora cha moshi, ambacho wengine hukiweka darini, hakiitambui hewa hiyo. Kinachoitambua ni king'ora chake maalumu.

Mama mwenzangu, tushike haya:

Jiko la mkaa lisilale ndani, hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo. Mtoto mchanga avalishwe kofia na soksi, na mama akiwa macho amkumbatie kifuani, ngozi kwa ngozi, wafunikwe blanketi.

Mkiumwa kichwa au kupata kizunguzungu wengi kwa pamoja mahali penye jiko, tokeni nje kwanza, kisha nendeni hospitali.

Mshumaa na kibatari vizimwe kabla ya kulala. Mwaka 2009 wasichana 12 wa Sekondari ya Idodi, mkoani Iringa, walikufa bweni lao lilipoungua, na mshumaa ulitajwa kuwa chanzo.

Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti wala taa. Fungua milango, toa watoto. Mafuta ya kukaangia yakishika moto, zima jiko, funika sufuria, usimwagie maji. Namba ya Zimamoto ni 114; wafundishe watoto.

Usiku wangu wa mwisho Lizaboni baridi ilikuwa ileile. Wifi alilitoa jiko uani mwenyewe, akamwagia maji makaa yaliyobaki. Kisha akaniomba nimsogezee blanketi la pili. Tulilala tukitetemeka kidogo, na asubuhi tukaamka sote watatu.