Nyumba Mpya ya Samaki

Mtu akihamia nyumba mpya hufagia ukumbi, hupanga vyombo vyake, na usiku ule ule hulala usingizi. Samaki hawahami hivyo. Jambo hili nililijua kwa hasara, na hasara hiyo ndiyo nitakayoisimulia.

Mwaka wa 1996, nilipokuwa kidato cha pili, nilikwenda likizo kwa mjomba wangu, karibu na Shelly Beach, upande wa Likoni. Mjomba alikuwa mzamiaji, akivua samaki wa pambo kwa kibali. Ukumbini mwake palikuwa na tangi la kioo la lita 200. Ndani yake waliishi vitatange watatu, kangaja mmoja, na samaki wadogo wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Palikuwa pia na vipande vinne vya matumbawe vilivyovunjwa na nanga, ambavyo Mjomba aliviokota kwa ruhusa akavitunza.

Samaki walikuwa wamekua na tangi limekuwa dogo. Mjomba akapata jingine la lita 800. Tuliliweka juu ya jukwaa la mbao nene, maana maji hayo peke yake huzidi kilo 800, tukalijaza maji ya bahari tuliyoyateka wakati wa kujaa. Kabla ya kuendelea, Mjomba akaitwa mazikoni Msambweni.

"Mwanangu," aliniambia, "usiguse kitu mpaka nirudi."

"Sawa, Mjomba."

Ulimi wangu ulikubali, moyo wangu haukukubali. Nilitaka arudi akute kazi imekwisha, anisifu. Maji ya tangi jipya yalikuwa maangavu kama hewa. Nikatoa mawe na mchanga wa tangi la zamani, nikaona yana utelezi na uchafu, nikayasugua kwa maji ya bomba mpaka yakang'aa. Nikayapanga vizuri, nikawahamisha samaki kwa wavu, nikayaweka matumbawe juu kabisa, chini ya taa. Usiku ule nilijiona fundi.

Siku ya tatu samaki walikuwa juu ya maji wakitweta. Siku ya nne vitatange wawili na kangaja walikuwa wamekufa, na tumbawe moja limepauka. Maji yalikuwa maangavu vile vile.

Mjomba aliporudi nilimwamkia shikamoo bila kuinua macho. Aliitikia marahaba, akatazama tangi, akanyamaza kitambo. Hakunipiga wala hakunitukana, na laiti angalinitukana ningalipata nafuu.

"Ule utelezi uliousugua," alisema, "ndio uliokuwa uhai wa nyumba. Humo mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Taka ya samaki ni sumu, na vijidudu hivyo huigeuza sumu hiyo mpaka isidhuru. Wewe umewaua watumishi, kisha ukawakaribisha wageni."

Waliosalia tukawarudisha katika tangi dogo, tukiwabadilishia maji ya bahari kila asubuhi. Katika tangi kubwa tukatia mawe yaliyotoka baharini yakiwa bado mabichi, na kila baada ya siku chache Mjomba alitupa humo kipande cha dagaa kioze, vijidudu vipate chakula. Likizo ikaisha, nikawa narudi kila Jumamosi kutazama tangi lisilo na samaki. Zilipita wiki sita.

Siku ya kuhama ilipofika, tuliwaweka samaki katika ndoo yenye maji yao ya zamani, tukayatia maji mapya kwa mpira mwembamba, tone baada ya tone, kwa muda wa saa nzima, ili miili yao izoee chumvi na joto la makao mapya. Matumbawe tuliyaweka chini kwanza, mbali na taa, kisha tukayapandisha kidogo kidogo kwa siku nyingi, kwa kuwa ndani yake mna mimea midogo mno inayoyalisha na kuyapa rangi, na mwanga wa ghafula huidhuru. Hapana hata mmoja aliyekufa. Mwenda pole hajikwai.

Mapema mwaka wa 1998 bahari yenyewe ilipata joto kupita kiasi, katika mwaka ule wa El Niño. Nilizamia na Mjomba, nikaona mwamba umegeuka mweupe kama mifupa. Sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ilikufa. Maji yalikuwa maangavu, na mtu aliyesimama ufukoni asingalijua lolote.

Mjomba alipoibuka alishika ukingo wa ngalawa akasema, "Wale wa nyumbani tuliwatafutia tangi kubwa zaidi. Hawa tutawapeleka wapi?"

Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Lakini tangu siku ile, nionapo kitu kinang'aa, siridhiki na mng'ao. Huuliza kwanza kama ndani yake mna uhai.