Taa Nyekundu ya Saa Mbili Usiku



Mashine inayorudia onyo lile lile haina kichaa. Ina jambo moja inalolijua, nayo hulisema kadiri iwezavyo. Sisi wa kigango hiki cha Kingi tulikuwa na inveta ya namna hiyo. Kila jioni ya mafundisho, ilipokaribia saa mbili, ililia, taa yake nyekundu ikamweka mara tatu, kisha ukumbi mzima ukaingia gizani. Mtu aliinuka, akaizima, akaiwasha upya; dakika kumi zikapita kwa amani, ikalia tena.

Kijitabu chake cha Kifaransa kilieleza mimweko mitatu kwa maneno machache: volti za betri zimeshuka mno. Hapo hukumu ikatolewa upesi. Walikuwapo waliosema betri imekufa, inunuliwe nyingine kwa dola 180 ambazo vijana walizikusanya msimu mzima kwa maharage na viazi. Walikuwapo pia waliomnyoshea kidole kijana anayechajia watu simu mchana, wakidai kwamba ndiye anayeimaliza betri. Katika Masisi yetu simu si anasa. Kwayo tunajua kama njia ya Sake inapitika, na kama ndugu waliokimbia wamefika salama. Kumwondoa kijana huyo kazini kwa dhana tu kulikuwa kuzito kuliko giza lenyewe.

Katika chuo cha ualimu tulizoezwa kuuliza kwanza kosa hutokea lini, ndipo tuulize nani kalitenda. Kosa hili lilitokea jioni tu, spika, projekta na taa zilipowaka pamoja, jumla yake kama wati 300. Basi tukaazima kipimo cha volti. Jioni, kabla ya kuwasha chochote, betri ilionyesha volti 12.6. Betri ya asidi yenye kipimo hicho imeshiba, kwa hiyo simu za mchana hazikuwa zimeikausha. Hata hivyo betri mbovu nayo huweza kuonekana nzima ikiwa imepumzika, ndiyo maana tuliwasha vyote na kupima tena, safari hii mahali pawili. Kwenye vichwa vya betri tulipata 12.2. Kwenye inveta, mita nne tu kutoka hapo, tulipata 10.8.

Volti 1.4 zilikuwa zimepotelea njiani. Wati 300 kwa volti 12 ni ampea kama 25, na mkondo mkubwa hivyo hauvumilii waya mwembamba wala kiungo kichafu. Kibanio kimoja cha betri kilikuwa cha moto hata hakishikiki. Chini ya mpira wake mlikuwa na unga wa kijani na mweupe, kutu ya asidi na unyevu wa milima yetu. Inveta ilisema kweli tupu, lakini ilisema kuhusu pale iliposimama yenyewe. Betri ilikuwa mbali nayo.

Mmoja wa binti zetu anayeishi Uingereza alipoisikia habari hii alicheka. Nyumba yake hupashwa joto na boila ya gesi, nayo ilikuwa ikiandika kila wiki kwamba shinikizo la maji limeshuka. Kila wiki waliongeza maji, maandishi yakafutika, kisha yakarudi. Fundi mwenye kibali alikuta chombo cha upanuzi kimepoteza hewa yake: maji yalipopata moto hayakuwa na pa kutanukia, shinikizo likafika baa 3, vali ya usalama ikayamwaga nje, na boila ilipopoa ikabaki na upungufu. Kuongeza maji kulikuwa sawa na kuzima na kuwasha kwetu. (Mitambo ya gesi isifunguliwe na asiye fundi, inaua.)

Kwetu kazi ilikuwa nyepesi. Tulizima vyote, tukafungua kibanio cha hasi kwanza, tukasafisha vichwa kwa maji ya magadi, tukaleta inveta karibu na betri na kuziunganisha kwa waya mnene wa mita moja. Gharama yote ilikuwa dola 14. Jioni iliyofuata, vyote vikiwaka, betri ilisoma 12.2 na inveta 12.1.

Fedha zilizobaki vijana wameziweka, kwa maana betri hiyo nayo itazeeka. Maji yake hukaguliwa kila mwezi, na anayeyakagua ni yule kijana wa simu.